Mpaka Kumi

Saa nane na robo usiku, Kayole,
kifua cha Bosibori kinapiga mluzi.
Si mluzi wa kuita mtu.
Ni upepo chini ya mlango wa bati,
unaingia kwa taabu, unatoka kwa taabu zaidi,
na ngozi katikati ya mbavu inazama
kana kwamba kuna mkono ndani unaivuta.

Napapasa kando ya kitanda, natafuta chupa.
Ilikuwa ya maji, nusu lita.
Sista Chelagat wa zahanati aliniagiza niioshe kwa sabuni,
niiache ikauke yenyewe, nisiifute,
kisha nipashe waya moto, nitoboe kitako
kiasi cha mdomo wa pampu, si zaidi.
Mimi ni seremala. Nilipima mara tatu.
Sijawahi kupima ubao kwa woga vile.

Tikisa. Chomeka.
Midomo yake ishike shingo ya chupa.
Bonyeza ile ya buluu.
Ukungu mweupe unasimama ndani ya plastiki
na mimi nasema, "Moja."
Anavuta. Macho hayabanduki usoni pangu.
"Mbili."
Hivyo hivyo mpaka kumi.
Ngoja. Tikisa tena.

Ya buluu haina mjadala:
mtu anazama, unamtupia kamba.
Ya kahawia ndiyo iliyonigombanisha na watu,
asubuhi na jioni, hata akiwa mzima,
hata akimfukuza paka wa Mama Syombua ngazi nne bila kupumzika.
"Unamtibu nini?" aliuliza mama kwa simu kutoka Nyamira.
"Mtoto anacheka, nawe unampa dawa?"
Mama Syombua naye: "Atazoea hiyo kitu. Itakuwa ndiyo pumzi yake."
Nami mwezi wa tano, mfuko mwepesi,
nikakubaliana nao kimyakimya.
Nikanunua unga.
Sikumwambia mtu.

Julai ikaja na mbingu yake ya saruji.
Majiko yakaingizwa ndani, madirisha yakafungwa,
na usiku mmoja chupa haikutosha.
Tulihesabu kumi, tukahesabu kumi,
kucha zake zikaanza kugeuka rangi,
nikambeba mbio hadi hospitali nikiwa na kiatu kimoja.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Aliuliza tu, "Ile ya kahawia, anaitumia?"
Kisha akagusa kola yangu, akatazama kidole chake.
"Na hii?"
Vumbi la mvule.
Kwenye kola, kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya viwiko.
Miaka mitatu, nikitoka kazini,
jambo la kwanza nilimkumbatia.

Sasa navua shati uani,
najimwagia karai la maji baridi,
naye yuko mlangoni amenuna,
baba gani huyu anaoga kabla ya kusalimu.
Jiko linalala nje.
Kuna wiki sukuma ni tupu, na tunaila.
Mama nilimjibu mwishowe kwa lugha ya kazi yangu:
ubao hupakwa dawa kabla ya mchwa,
ukingoja uone unga wake sakafuni
umechelewa.
Akanyamaza. Akauliza bei ya pampu.
Ijumaa akatuma mia mbili.

Vuta. Sukutua. Tema.
Hakuna anayekuja kukupongeza
kwa usiku ambao haukutokea.

Mwalimu wake wa chekechea, Bi Wavinya, alinisimamisha getini.
Alisema anajua namba kuliko wenzake,
ila huzihesabu polepole, pumzi baada ya kila moja,
na akifika kumi husimama,
kama anayengoja mtu atikise kitu.

Jana usiku, kifua kimya, taa imezimwa,
nilidhani amelala.
"Baba. Baada ya kumi kuna nini?"
Nikakawia. Kweli sikuwahi kufika huko naye.
"Kumi na moja," nikasema.
Akacheka sana, kicheko kirefu, cha mfululizo,
kana kwamba nimeitunga papo hapo.